Kuanza Maisha Upya: Tukisoma Tena "Baada ya Miaka Hamsini" na "Utubora Mkulima"

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, liko swali ambalo watu hupenda kuulizana barazani baada ya sala ya Alasiri, vikombe vya kahawa vikizunguka. Lau ungepewa ruhusa ya kuyaanza maisha yako upya, ungechagua kuyaanzia umri gani? Mmoja husema miaka kumi, ili asome wala asitoroke chuoni. Wa pili husema ishirini, ili asiliuze shamba aliloachiwa na babake. Mzee husema arobaini, kwa kuwa wakati huo nguvu na akili zilikuwa pamoja. Watu hucheka, kisha hunyanyuka kwenda kutia udhu.

Swali hilo hufanywa la mzaha, lakini ndani yake mna jambo zito, na mwandishi mmoja wa kwetu amelishika kwa mikono miwili. Naye ni marehemu Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vimo katika nyumba nyingi za pwani. Viwili kati ya hivyo vinafaa kusomwa pamoja. Cha kwanza ni habari za maisha yake mwenyewe: "Maisha Yangu" ilitoka mwaka 1949, na mwaka 1966 ikachapwa pamoja na sehemu ya pili iitwayo "Baada ya Miaka Hamsini". Cha pili ni hadithi ya "Utubora Mkulima", iliyotoka mwaka 1968.

Tuanze na jina la ile sehemu ya pili. Mtu akifika miaka hamsini huwa na njia mbili za kuitazama. Aweza kugeuka nyuma akahesabu yaliyompita, au aweza kutazama mbele akauliza kilichobaki atakitumiaje. Shaaban Robert alikuwa na kila sababu ya kugeuka nyuma. Aliingia kazi ya ukarani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 na akaitumikia serikali hiyo miaka mingi, akipelekwa huku na huku. Alimzika mkewe Amina, ambaye alimtungia shairi la huzuni linalojulikana na wengi. Mjane wa namna hiyo akisema kuwa angependa kurudi nyuma, nani atamlaumu? Hata hivyo kitabu chake alikiita kwa yale yajayo baada ya hamsini, na si kwa yale yaliyokwisha kabla yake.

Na tazameni hesabu yake ilivyokuwa. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Basi alitimiza miaka hamsini mwanzoni mwa mwaka 1959, na Juni 1962 akafariki. Hiyo "baada ya miaka hamsini" yake ilikuwa miaka mitatu na nusu tu. Lau angeitumia kwa kusema "laiti", isingebaki hata siku moja ya kazi. Na kazi zake nyingine kadhaa, Utubora akiwa mmojawapo, zilifika mikononi mwa wasomaji naye yumo kaburini.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi limo katika "Maisha Yangu" yenyewe. Humo alitia tenzi mbili za mawaidha, "Hati" kwa binti yake na "Adili" kwa mwanawe. Wasomaji wengi huzisoma kama mashairi ya adabu, wakazihifadhi, wakaishia hapo. Mimi naona kuwa hapo ndipo lilipo jibu la swali la barazani. Mtu anayetamani kurudi katika umri wa miaka kumi na mitano hutamani kurudi na akili aliyo nayo sasa, kwani akirudi bila ya akili hiyo atafanya yale yale aliyoyafanya. Basi, akili hiyo yawezekana kuipeleka kwa mwenye miaka kumi na mitano. Anakaa naye nyumba moja, na anamwita baba au mama. Shaaban Robert hakupata njia ya kujishauri yeye mwenyewe alipokuwa kijana, lakini aliyajua maneno ambayo kijana huhitaji, akayaandika kwa watoto wake.

Sasa tuje kwa Utubora. Huyu ni mtu wa hadithi aliyekuwa na kazi nzuri ya mshahara Unguja, akaiacha kwa hiari yake, akenda Busutamu kulima. Kumsifu ni rahisi, na anastahiki sifa. Hakutafuta kuwa kijana tena. Alichukua umri wake kama ulivyo, akabadili kazi na mwendo wa maisha, akaheshimu jembe katika wakati ambapo watu waliona kalamu ndiyo heshima peke yake.

Hata hivyo, kwa sisi tunaoishi Songea, hadithi hii ina pengo. Huku Ruvuma mtu hahitaji kuambiwa kuwa kilimo kina utulivu. Mkulima wa mahindi anaijua bei ya mbolea, analijua jua la mwezi wa Februari mvua ikikatika, na anajua maana ya kukaa na magunia nyumbani akingoja mnunuzi. Huku kwetu aliye na hamu ya kuanza upya hulikimbia jembe, akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Mwandishi amelipamba shamba kwa macho ya karani aliyechoka na afisi, na msomaji aliyezaliwa shambani atatabasamu.

Pengo la pili ni kubwa zaidi. Utubora anaiacha kazi akiwa mtu mwepesi, hana mke wala watoto wanaongoja mshahara wake ili wale. Mwepesi huweza kuanza upya siku ya Jumatatu. Lakini wengi wetu si wepesi. Tuna wake, watoto, wazee wa kutunza, madeni dukani, na amana za watu. Hadithi haikutuonyesha mwenye mzigo kama huo anaanza upya vipi, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Nasema hivi kwa sababu maneno "nimeanza maisha upya" siku hizi yamekuwa pazia. Mwanamume amekaa na mkewe miaka ishirini na mitano, wakajenga pamoja, wakazaa pamoja. Akifika hamsini anamwacha, anahamia mji mwingine, anaoa binti wa umri wa mwanawe, na watoto wa kwanza hawaoni senti wala salamu. Akiulizwa, husema kuwa ameanza upya. Ndoa ya pili sheria imemruhusu kwa masharti yake. Lakini matumizi ya watoto hayafutwi na ndoa mpya, wala deni halifi kwa mdaiwa kuhama mtaa. Wanavyuoni wetu wameeleza masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kuna haki ya mtu, kuirudisha. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa na wanaoanza upya.

Na swali la barazani lina ubaya huo huo, ila umefichwa na kicheko. Wewe unayetaka kurudi miaka ishirini ili usimuoe uliyemuoa, umefikiri ni mtoto gani kati ya watoto wako atakayefutika? Umri hauji peke yake, bali umefungamana na watu.

Tukiuliza Qur'ani, tunakuta umri umetajwa. Katika Sura ya 46, Al-Ahqaf, aya ya 15, anatajwa mtu aliyefika miaka arobaini, na dua yake imeelezwa. Haombi kurejeshwa nyuma. Anaomba awezeshwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha Mola wake, na kizazi chake kitengenekewe. Angalieni alivyowashika wazazi kwa mkono mmoja na watoto kwa mkono wa pili, naye amesimama katikati. Ama yule aombaye kurudishwa, habari yake imo katika Sura ya 23, Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100. Huyo yamemfikia mauti, na ombi lake halikubaliwi.

Wala mtu asidhani kuwa wakati wake umekwisha. Imamu Al-Qaffal wa Marw, katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa fundi wa kufuli. Alianza kusoma fiq-hi akiwa na miaka thelathini, na alipofariki mwaka 417 wa Hijra alikuwa bingwa anayetegemewa. Jina lake mpaka leo ni la ufundi wake wa kwanza, kwani Al-Qaffal ni mtengeneza kufuli. Na karibu yetu, nchini Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kuondoa ada za shule za msingi. Hakuwa Mwislamu, lakini funzo ni la kila mtu. Alikaa benchi moja na watoto akiwa babu, bila ya kuuficha ubabu wake, akasoma mpaka alipofariki mwaka 2009.

Hata hivyo, swali lenyewe nisilitupe kabisa, maana majibu yake ni ushahidi. Waulizeni dada zetu. Wako wanawake wengi, pwani na huku bara, watakaojibu bila ya kufikiri: miaka kumi na miwili. Ndio umri walioondolewa chuoni au shuleni ili wakae ndani wangoje kuposwa. Jibu hilo si la kuchekwa. Ni shitaka juu yetu sisi baba, kaka na mawalii. Aliyemtoa binti yake masomoni, naye yu hai na binti yu hai, ana haki ya kurudisha: amwombe radhi, na asaidie masomo ya wajukuu. Na mama mwenyewe asiambiwe kuwa amechelewa. Mwaka 1970 serikali yetu iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina mama waliokuwa na wajukuu mgongoni walijifunza kuandika majina yao. Leo vilevile yawezekana, katika darsa za msikitini na katika nyumba za walimu wa kike.

Kwa hiyo, swali likizuka tena barazani, kila mtu na ataje umri wake autakao. Kisha aulizwe la pili: katika nyumba yako ni nani aliye na umri huo leo, nawe umempa nini? Na la tatu: ni nani unayemdai au anayekudai, ambaye huwezi kuanza upya mpaka mmalizane? Someni tena "Hati" na "Adili" pamoja na watoto. Msomeni na Utubora pia, ila msomaji mwenye watoto akumbuke kuwa Utubora hakuwa na mtoto wa kumwuliza chakula.

Mwenyezi Mungu atupe umri wenye baraka na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa madrasa, Songea