Gurudumu la Chuma la Mwamkulu

Mvua za Novemba zinapokaribia, mafundi wa kuchomelea mjini Mpanda huanza kupokea wateja wa aina moja: mwenye pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili, anayetaka magurudumu ya chuma makubwa kuliko aliyo nayo. Fundi asiyejali hupima ya zamani, huongeza kipimo, hutaja bei. Fundi mwenye kazi yake huanza kwa kumuuliza mteja maswali. Unalima wapi, kaka, Mwamkulu au Kakese? Jaruba lako liko juu, au kule chini maji yanakotuama? Ukikanyaga, unazama mpaka wapi kabla mguu haujagusa ardhi ngumu? Kuna visiki? Mteja mwingine huona anapotezewa muda. Kwangu mimi ufundi wenyewe uko hapo, kabla nondo haijakatwa, na huo ndio ninaotaka kuusifu.

Likiegemezwa ukutani, gurudumu hilo halina la kumvutia mpita njia. Ni ringi mbili za chuma zilizounganishwa kwa vibao vya chuma, spoki chache, na kitovu katikati. Tairi halina, tyubu halina. Likipitishwa barabarani linatikisa dereva mpaka meno. Lakini liingize kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, ule unaong'ang'ania jembe na kuvua watu viatu, utaona vibao vinazama, vinakamata, vinasukuma, kisha vinatoka huku tope likidondokea ndani ya uwazi wa ringi. Tairi la mpira katika tope hilo hujaa udongo kwenye kashata zake, likawa laini kama embe lililoiva, likazunguka palepale likichimba shimo lake.

Mkoa wetu wa Katavi umekaa muda mrefu bila gurudumu, na si kwa sababu watu wake hawakulitaka. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu njia ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaamini kwamba magari ya maksai yangeweza kufika hadi Ziwa Tanganyika. Msafara wa magari ulipoondoka pwani mwaka uliofuata, ng'ombe walikufa njiani. Mwaka 1879 wakaletwa ndovu wanne kutoka Bara Hindi, kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wabebe mizigo hadi Karema. Aliyefika Karema, mwezi Desemba, alikuwa mmoja. Kiongozi wa ndovu hao, Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Huku kwetu mbung'o ndiye aliyekuwa mwenye nchi: katika miombo yake ng'ombe hakuishi, na pasipo ng'ombe gari halina wa kulivuta. Mizigo ikabaki vichwani mwa wapagazi.

Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, ikifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Mkokoteni wa maksai ulizoeleka baadaye zaidi, Wasukuma walipoteremka bonde la Rukwa na mifugo yao, hasa kuanzia miaka ya 1970. Halafu zikaja pawatila, ambazo kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilizisambaza nchini kote. Kwa hiyo fundi wa Mpanda hakurithi kwa babu yake mazoea ya kutengeneza magurudumu. Alichojifunza alikipata kwenye matope ya juzi na jana, na kwa muda mfupi huo amejua mengi.

La kwanza alilojua ni kwamba gurudumu linalovutwa na gurudumu linalovuta ni vitu viwili. La mkokoteni linavutwa. Hilo ukilikuza unapata faida karibu ya bure. Chukua tuta la urefu wa sentimita 10: gurudumu ambalo kutoka kitovu hadi ukingo lina sentimita 30 linahitaji maksai wavute kwa nguvu inayozidi uzito lililobeba ili lipande. Likiwa na sentimita 45, nguvu hiyo inapungua kwa zaidi ya robo. Ng'ombe hawajui hesabu hizo, lakini mabega yao yanazijua.

La pawatila ndilo linalofanya kazi ya kuvuta, na hapo hesabu inageuka. Injini inatoa msokoto uleule kwenye ekseli. Ukitoka sentimita 30 ukaenda 45, mashine inaongeza mwendo kwa nusu, lakini nguvu ya kusukuma pale chini, kibao kinapokutana na udongo, inapungua kwa theluthi moja. Mkulima aliyeagiza makubwa kuliko ya jirani anaweza kujikuta na mashine ndefu inayozima katikati ya jaruba. Ndiyo maana fundi anauliza kina cha tope. Anatafuta ukubwa unaotosha kufikia ardhi ngumu iliyo chini na kuliacha sanduku la gia juu ya maji, na akiupata anaishia hapo. Kila sentimita anayoongeza baada ya hapo inalipwa na injini.

Sasa tazama kazi yenyewe. Ringi inakunjwa kidogo kidogo kufuata duara lililochorwa sakafuni. Ncha zikikutana haziunganishwi moja kwa moja; zinashikizwa kwa tone dogo la moto, kisha ringi inalazwa tena juu ya duara ili ionekane ilikopotoka. Spoki nazo hushikizwa kwa kupishana: ya juu, halafu ya chini, ya kushoto, halafu ya kulia. Chuma kilichochomelewa kikipoa hujivuta, na ukimaliza upande mmoja wote kwanza, gurudumu zima litaelekea huko na halitarudi. Fundi niliyemwona akifanya kazi hii alipitisha chuma kwenye kitovu, akaliinua gurudumu, akasimamisha msumari pembeni, unywele mmoja tu kutoka kwenye ringi, akalizungusha kwa kidole. Hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza. Tik, kimya, kimya, tik. Palipolia akaweka alama ya chaki, akapiga nyundo mara moja, si kwa nguvu, akazungusha tena, mpaka msumari ukanyamaza.

Vibao vina elimu yake pia. Vikikaribiana mno, tope linaganda katikati na gurudumu linageuka pipa. Vikiachana mno, mashine inaruka kila kibao kinapotua, na mikono ya dereva haitulii siku nzima. Vinainamishwa kidogo ili visigonge vyote kwa wakati mmoja, na mwinamo wa kulia ni kioo cha wa kushoto. Kuna vijana wa kazi waliotengeneza mawili ya kushoto, wakagundua siku ya kufunga.

Ninapotazama kazi hii huwa nakumbuka BattleBots, mashindano ya Marekani ambamo roboti hupigana ndani ya ukumbi uliozungushiwa kuta nzito za kuwakinga watazamaji. Mwaka 2018 iliingia humo roboti iitwayo Huge: mwili mdogo umening'inia katikati ya magurudumu mawili makubwa mno, na chuma kinachozunguka wima kati yake. Ukomo wa uzito ni pauni 250, karibu kilo 113, kwa hiyo kila kilichowekwa kwenye magurudumu kilipunguzwa mahali pengine. Wapinzani wengi wana silaha za kupiga chini, na mwili wa Huge hauko chini. Wanachokuta ni gurudumu, nalo limekatwa kwenye plastiki nene inayonepa. Linapigwa, linakunjika, linamegwa kipande, na mara nyingi linaendelea kuzunguka.

Waundaji wa roboti ile na fundi wa Mpanda wamefikia uamuzi mmoja kuhusu kipigo: lazima kije, kwa hiyo amua mapema kitapokelewa na nini. Wa kule wameamua kipokelewe na plastiki. Wa huku anajua ndani ya jaruba kuna kisiki cha mti wa mtundu kilichosahauliwa, na anajua pia gia ya pawatila haichongwi Mpanda. Basi spoki zake hazifanyi nene kupita kiasi. Zikigonga kisiki zipinde zenyewe, ekseli na gia zibaki salama. Spoki iliyopinda hunyooshwa jioni hiyohiyo na kesho mtu analima. Gia iliyovunjika inasubiri gari kutoka mbali, na mpunga hausubiri. Nimewahi kusikia watu wakiziita spoki hizo kazi ya kulipua. Wanakosea. Kujua ni sehemu ipi iwe dhaifu, na kwa kiasi gani, ni ufundi mgumu kuliko kujaza chuma kila mahali.

Tunao vijana vyuoni wanaojifunza roboti kwenye kompyuta, na ni jambo jema. Wanaowafundisha wawalete pia kwenye vibanda vya kuchomelea, msimu wa Oktoba kazi inapokuwa nyingi, wakae siku kadhaa wakishika nondo. Na wewe mwenye pawatila, unapokwenda kuagiza magurudumu mwaka huu, usianze na kipimo cha jirani. Mlipe fundi nauli, mpeleke shambani, mwache akunje suruali aingie kwenye jaruba lako mwenyewe.