Asilimia 29.3 ya Kyela: kipimo kilithibitisha nini?

Mwaka 2012 watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kushtua kuhusu Homa ya Bonde la Ufa. Walichukua sampuli za damu za watu 1,228, kutoka kwa washiriki 17,872 wa utafiti uliofanyika mkoani Mbeya mwaka 2007 na 2008, wakatafuta kingamwili za IgG, zile zinazobaki mwilini muda mrefu baada ya maambukizi. Kwa jumla waliokutwa nazo walikuwa asilimia 5.2. Katika eneo moja karibu na Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, walipopimwa watu 150, walifika asilimia 29.3. Wakati huo hakuna mgonjwa wa homa hiyo aliyekuwa ametambuliwa pale, wala mlipuko wowote. Ama virusi vilikuwa vinazunguka bila kuonekana, ama kipimo kilidanganya.

Shaka juu ya kipimo ina msingi. Seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, huwekwa juu ya seli zenye virusi, kisha rangi inayong'aa huonyesha kama kingamwili zimenata. Anayeamua ni jicho la mtaalamu kwenye darubini, na kingamwili za virusi vingine vya jamii hiyo zinaweza kunata pia. Lakini jibu limo ndani ya takwimu zenyewe. Asilimia 5.2 ya watu 1,228 ni 64 hivi, asilimia 29.3 ya watu 150 ni 44. Ukiiondoa Kyela wanabaki kama 20 kati ya 1,078, chini ya asilimia 2. Hata tukikubali kwamba wote hao 20 ni chanya za uongo, kosa la kiasi hicho lingezaa watu watatu hivi Kyela, si 44. Maeneo mengine ya mkoa yamekuwa kundi la kulinganishia, na yanakitetea kipimo. Kwa mantiki hiyo hiyo, nisingethubutu kuwatumia wale 20 kudai kwamba virusi vimeenea mkoa mzima.

Pingamizi zito zaidi ni hili: huenda Kyela ina kirusi kingine cha jamii hiyo ambacho hakipo kwingineko. Hesabu yangu haiwezi kukikamata. Hapa inabidi kutazama ardhi. Ndani ya eneo lile, kila mita moja ya mwinuko iliambatana na upungufu wa takriban asilimia 13 wa maambukizi. Waliokaa chini, penye maji mengi yaliyotuama, ndio walioathirika zaidi, na katika utafiti mzima wenye ng'ombe waliathirika kuliko wasio nao. Maji, mbu na ng'ombe ndio mzunguko wa Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2018 ulichapishwa pia ushahidi wa kingamwili katika ng'ombe wa Kyela na Morogoro, kwa kipindi kisicho na mlipuko. Kipimo ambacho kingefunga mjadala ni kile cha kuchanganya seramu na virusi hai ili kuona kama inavizuia kuambukiza seli, kazi inayotaka maabara yenye ulinzi mkali. Bila hicho, ushahidi wote huu kwa pamoja unanitosha kukubali kwamba virusi vilikuwepo.

Atakayesema basi kipimo hiki cha IgG kipelekwe wodini atakuwa amekosea. Pale ambapo karibu theluthi ya watu wana IgG tayari, mgonjwa wa malaria naye anaweza kutoka chanya, akatibiwa kwa ugonjwa alioupata miaka iliyopita. Dalili peke yake nazo hazitoshi: Lindi, mwaka 2022, watu walipopata homa na kutokwa damu puani, hofu ya kwanza ilikuwa Ebola na Marburg. Vipimo vikatoka hasi, na ugonjwa ukabainika kuwa homa ya mgunda. Mgonjwa anahitaji PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, katika siku za mwanzo, vikiwa bado ndani ya damu, na kipimo cha IgM, kingamwili za mwanzo, virusi vinapoanza kutoweka. PCR iliyo hasi siku ya kumi haimwondolei mtu Homa ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo, kabla ya kudai mashine mpya, ningedai kila sampuli inayotoka Kyela kwenda maabara iandikwe tarehe homa ilipoanza, kwa sababu bila tarehe hiyo anayesoma majibu hawezi kujua hasi ile ina maana gani.