Pedeli Zije Mwisho

Mtoto aliyezoea baiskeli yenye vigurudumu viwili vya pembeni huonekana hodari: ananyonga, anapiga kengele, anakata kona. Siku vikifunguliwa anaanguka kabla hajafika mbali, na wazazi wanasema ana woga. Wanamwonea. Alichokuwa akiendesha siku zote ni chombo kingine kabisa.

Baiskeli haianguki kwa sababu inaelekezwa kule inakoangukia. Ikilalia kushoto, usukani unageuzwa kushoto kidogo, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wa mwili. Ukisimamisha mti wa fagio kiganjani utaona jambo hilohilo: mkono unaufuata mti upande unakoinamia. Hata kona huanza hivyo. Anayetaka kwenda kushoto huusukuma usukani kulia kwa kitambo kidogo mno, baiskeli inalalia kushoto, ndipo anapoifuata. Wengi tunafanya hivyo maisha yetu yote bila kujua. Vigurudumu vya pembeni vinazuia kulala huko, na mwili wa mtoto unazoea kuegemea nje ya kona. Kadiri anavyozidi kuvitumia, ndivyo mazoea hayo yanavyokomaa.

Na mazoea ya usukani ni magumu kuvunja. Mhandisi wa Marekani, Destin Sandlin, alionyesha mwaka 2015 baiskeli iliyotengenezwa ili ukigeuza usukani kushoto, gurudumu liende kulia. Ilimchukua miezi 8 kuimudu. Mwanawe mdogo alihitaji wiki 2.

Mpangilio ulio bora wa kujifunza, balansi kabla ya pedeli, ni wa kale kuliko pedeli zenyewe. Mashine ambayo Karl Drais aliiendesha Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 ilikuwa na magurudumu mawili na usukani, bila pedeli. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa katika miaka ya 1860. Balansi ilitangulia, kunyonga kukafuata.

Watoto wa vijijini kwetu hupita njia hiyohiyo. Mtoto akiruhusiwa kugusa baiskeli ya Phoenix ya baba, anakanyaga pedeli ya kushoto na kusukuma ardhi kwa mguu wa kulia, mwili wote ukiwa upande mmoja. Akishaweza kuserereka bila kuanguka, anapitisha mguu wa kulia katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, na kunyonga nusunusu. Siti anaikalia mwisho, miguu ikishafika. Ninaustahi sana ufundi huu, kwa kuwa kila hatua inaongeza kitu kimoja tu. Lakini baiskeli ile ni nzito, breki zake ziko mbali na vidole vya mtoto, na ikimwangukia inaumiza. Tuchukue mpangilio, uzito tuuache.

Ndivyo alivyofundishwa mtoto wa dada yangu kwa baiskeli ndogo. Pedeli zilifunguliwa, siti ikashushwa mpaka nyayo zote mbili zikakanyaga chini. Uwanja ulikuwa wa ardhi ngumu wenye mteremko kidogo. Mchanga hunasa tairi. Alianza kwa kutembea, akakimbia, kisha akanyanyua miguu na kuiacha baiskeli iserereke. Breki alizifahamu katika hatua hiyo. Alipoweza kuyazunguka mawe bila kugusa ardhi, pedeli zikarudishwa, akaanza na moja iliyoinuliwa mbele ili kanyago la kwanza limpe mwendo.

Mkono wa mtu mzima ndio unaoharibu kazi mara nyingi. Ukishika siti au usukani, unaiweka baiskeli wima wewe, naye hahisi inavyolala, kwa hiyo hajifunzi kuijibu. Ukilazimika kumsaidia, mshike mabegani, baiskeli iwe yake.

Mzazi mwenye spana aanze jioni hii. Pedeli ya kulia hufunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto hesi zake zimekatwa kinyume, kwa hiyo izungushe kufuata mwendo wa saa, usije ukaikaza zaidi.