Fremu 720,000 kwa Picha Moja: Uchambuzi wa Kukosa

Mwaka 2015, mpiga picha wa Uskoti, Alan McFadyen, alionyesha picha ya mdiria aliyenaswa pale pale ncha ya mdomo wake ilipogusa maji. Ndege ameshuka wima, hakuna tone lililoruka, na taswira yake majini imempokea mdomo kwa mdomo. Magazeti yaliichapisha picha hiyo pamoja na takwimu tatu alizozitoa mwenyewe: miaka 6, saa 4,200 na fremu zipatazo 720,000.

Wengi walizipokea takwimu hizo kama sifa ya mtu asiyekata tamaa, na sifa hiyo anastahili. Lakini zinafaa pia kusomwa kama taarifa ya kazi. Ukizikokotoa, zinakuonyesha picha ilikuwa ikipotelea wapi, kwa nini ilipotea mara nyingi namna ile, na subira ilitumika kufanyia nini hasa. Jibu ninaloliona mimi ni hili: subira ya mpiga picha wa ndege ni kazi ya kuyapunguza mambo yaliyoachiwa bahati, moja baada ya jingine, mpaka lisalie lile ambalo mkono wa mtu hauwezi kulifikia.

Saa 20 ndani ya saa 4,200

Tuchukue kamera inayopiga fremu 10 kwa sekunde, kasi ambayo kamera za kitaalamu za wakati ule ziliiweza bila shida. Kwa kasi hiyo, fremu 720,000 ni sekunde 72,000, sawa na saa 20. Maana yake, katika kila saa moja aliyokaa kando ya maji, shata ilifanya kazi kwa wastani wa sekunde 17 tu. Dakika 59 na ushei zilikwenda kwenye kutazama.

Na kutazama ndiko kunakozaa matunda, kwa sababu mdiria ni ndege wa mazoea. Hulinda kipande chake cha mto dhidi ya wenzake, hurudi kwenye vijiti vile vile, na huvua penye maji machache yenye samaki wadogo. Mwenye kumtazama siku nyingi hujua anatua kijiti kipi, anageukia wapi, na maji yale hutulia saa ngapi. McFadyen alikuwa na mtaji wa ziada: mahali pale alipelekwa kwanza na babu yake alipokuwa mtoto, na alipoanza kupiga picha alirudi hapo hapo. Alianza akiwa amekwisha kujibu swali la “wapi”, ambalo wengi wetu hutumia misimu kulijibu.

Wingi wa fremu basi usituchanganye. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili Waingereza waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hii, walitumia kamera za sahani za kioo, ambapo kila picha ilikuwa mzigo wa kubeba na gharama ya kulipa. Hawakuweza kumwaga fremu. Mwaka 1900 walitengeneza ng’ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha akaingia ndani yake na kamera ili ndege wasimwogope. Subira ya ndugu hao ilimalizika karibu yote kabla ya shata kubonyezwa. Ukilinganisha kwa saa, ya McFadyen nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Sentimita moja, milisekunde mbili

Sasa tuingie kwenye zile sekunde 17. Chukua kijiti kilicho mita 1.3 juu ya maji. Kitu kinachoanguka kutoka hapo hufika majini baada ya nusu sekunde hivi, kikiwa na kasi ya mita 5 kwa sekunde. Mdiria huongeza kasi kwa mabawa, kwa hiyo hesabu hii inamwonea huruma mpiga picha.

Mtu huhitaji takriban robo sekunde kuona jambo na kulijibu kwa kidole. Nusu ya mbizi imekwisha kabla shata haijafunguka. Ndiyo maana anayesubiri amwone ndege akiruka hupata mgongo unaozama na maji yaliyotapakaa. Inabidi kusoma dalili za kabla: ndege kuinamisha kichwa, kukaza shingo, kujibana manyoya. Dalili hizo hazimo katika kitabu cha maelekezo ya kamera. Zinapatikana katika zile dakika 59.

Tuseme dalili umezisoma na kidole kimewahi. Kwa fremu 10 kwa sekunde, kati ya fremu moja na inayofuata ndege amesafiri sentimita 50. Fremu moja inamwonyesha nusu mita juu ya maji, inayofuata haimwonyeshi kabisa. Picha aliyoitaka McFadyen inamhitaji ndani ya sentimita moja hivi ya uso wa maji, na sentimita hiyo hupitwa kwa milisekunde 2. Pengo kati ya fremu ni milisekunde 100. Kwa hiyo hata mbizi iliyofanywa vizuri na ndege, na kupigwa vizuri na mtu, ina nafasi moja kati ya 50 ya kuangukia pale panapotakiwa.

Na hilo ni sharti moja tu. Lenzi ya milimita 500 iliyofunguliwa f/4, ndege akiwa mita 8, inatoa eneo lenye ukali la sentimita 6 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Ndege akishuka sentimita 10 upande wa huku au wa kule, amefifia. Mbizi lazima iwe wima, ubavu wake ukiielekea kamera. Maji yawe yametulia, kwani upepo mdogo tu huivunja taswira. Tujaalie kwa mfano kwamba nusu ya mbizi huangukia ndani ya eneo kali, robo huwa wima na ubavu, na nusu hukuta maji yametulia. Zidisha zote na ile moja kati ya 50: unapata moja kati ya 800. Mbizi mia nane kwa picha moja, na mdiria hapigi mbizi kwa ratiba yetu.

Hapo ndipo kauli ya McFadyen, kwamba mara nyingi alipiga picha 600 katika kikao kimoja asipate hata moja ya maana, inapoacha kushangaza. Hesabu inasema ndivyo inavyopaswa kuwa.

Makosa hayafanani

Picha iliyokosekana ina kisa chake, na visa havifanani. Hili ndilo ningependa kila anayeanza kazi hii alishike. Anayefuta fremu mbovu bila kuzitazama anafuta somo alilokwisha kulilipia.

Ndege akiwa amefifia lakini majani au kijiti nyuma yake ni makali, kosa ni la fokasi: kamera imeshika kitu kingine. Kwa mbizi ya kasi hii, kuitegemea fokasi ya kujiendesha ni kujitesa. Dawa ni kuifunga fokasi mapema kwenye sehemu ya maji ambapo ndege huingia mara nyingi, kisha kutoigusa tena.

Ndege akiwa na ukungu wa mstari kuelekea chini, kosa ni la mwendo. Kwa shata ya 1/1000, ndege wa mita 5 kwa sekunde husogea milimita 5 shata ikiwa wazi, na jicho lake lote limepotea. Kwa 1/4000 husogea milimita moja na robo, na unyoya unaanza kuonekana.

Ndege akiwa mkali mwili mzima isipokuwa bawa la karibu, kosa ni la kina cha ukali. Kulifunga tundu la lenzi hadi f/8 hupandisha zile sentimita 6 kuwa 12, lakini mwanga unabaki robo, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, lazima ipande mara nne. Hapa hakuna dawa isiyo na bei. Kuna kuchagua utalipa kwa nini.

Ndege akiwa mkali lakini taswira yake majini haimkuti sawasawa, kosa ni la mahali pa kamera. Lenzi iko juu mno. Lazima ishuke hadi ikaribie usawa wa maji, na mpiga picha ashuke nayo, tumbo chini.

Mwisho kuna fremu ambayo kila kitu chako kiko sawa: ukali, mwanga, mahali. Ndege ndiye aliyeingia kwa mshazari, au alichelewa sentimita 20. Hiyo haina dawa. Lakini ni habari njema, maana imebaki bahati peke yake. Fremu zako mbovu zikianza kuwa za aina hii tu, unajua kwamba kilichobaki ni kurudi kesho.

Mdiria wa kwetu

Mdiria wa McFadyen hakai Afrika Mashariki, lakini ndugu zake tunao. Yupo yule mdogo mwenye kishungi anayetua kwenye mafunjo ya Ziwa Naivasha, na hesabu yake haitofautiani sana na ya Uskoti. Yupo pia yule mweusi na mweupe wa Ziwa Victoria, ambaye huning’inia hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa. Huyu wa pili anakupa zawadi: sekunde kadhaa za kuelekeza lenzi. Kisha anakudai deni lake, maana hushuka kutoka juu zaidi. Akianguka mita 5, hufika majini kwa kasi inayokaribia mita 10 kwa sekunde, na ile sentimita moja inakuwa milisekunde 1.

Na karibu na Ikweta jua hupanda kwa haraka. Mwanga laini wa asubuhi, ambao Uskoti hukaa kwa muda mrefu wakati wa kiangazi, kwetu huondoka mapema. Maficho yawe tayari kabla hakujapambazuka.

Kamera mpya imebadilisha nini?

Sony a9 III, iliyotangazwa mwishoni mwa 2023, hupiga fremu 120 kwa sekunde, na huweza kuhifadhi fremu za hadi sekunde moja kabla ya shata kubonyezwa. Hii si hatua ndogo. Kidole kilichochelewa robo sekunde hakikosi tena mbizi, na pengo kati ya fremu limeshuka hadi milisekunde 8 hivi. Nafasi ya kuipata ile sentimita moja imetoka moja kati ya 50 hadi karibu moja kati ya 4.

Lakini rudi kwenye orodha ya masharti. Kamera imerekebisha moja. Mbizi iliyo wima, maji yaliyotulia, ndege aliyeingia ndani ya zile sentimita 6: hayo bado yanahitaji mtu anayemjua ndege na mahali pake. Anayenunua kasi bila kununua saa za kutazama atajaza kadi za kumbukumbu kwa haraka zaidi, na makosa yake yatakuwa yale yale.

Kukosa kwa hiari

Kuna picha moja ambayo subira inatutaka tuikose kwa makusudi. Mdiria hutaga ndani ya tundu refu alilochimba kwenye ukingo wa mto, na karibu na tundu hilo ndipo anapopatikana kwa urahisi kuliko popote. Uingereza, Sheria ya Wanyamapori na Mazingira ya Vijijini ya mwaka 1981 inamweka ndege huyu katika jedwali la wanaolindwa zaidi: kumsumbua akiwa kwenye kiota chake, au karibu nacho, ni kosa la jinai, na anayetaka kufanya kazi itakayomsumbua hapo lazima awe na kibali.

Hata pasipo sheria, ndege mwenyewe hutoa taarifa. Samaki anayemla yeye humgeuza kichwa kielekee kooni mwake. Akimshika kichwa kikielekea nje, anampelekea mwingine, mara nyingi kifaranga. Ukimwona amekaa kijitini na samaki wa namna hiyo, anatazama huku na huku, haingii tunduni, ujue wewe ndiwe unayemzuia, na kuna vifaranga vinavyongoja gizani.

Hapo funga lenzi, ondoka, tena ondoka mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Fremu hiyo haitakuwemo kwenye kadi, na hakuna atakayekusifu kwayo. Lakini McFadyen alihitaji miaka 6 ya ndege wanaozaliana mahali pale pale, na hakuna mtu anayepewa miaka 6 na ndege aliowafukuza msimu wa kwanza.