Kitabu cha Sinai Machoni pa Mwanafunzi wa Sinza

Wanafunzi wengi wa Mlimani hupanga vyumba Sinza, na humo, juu ya kioo cha simu, mtu aweza leo kufunua kitabu ambacho zamani wataalamu walikisafiria mbali. Ni Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 4. Karatasi zake zilitawanyika: 347 ziko London, 43 Leipzig, 12 zimebaki katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, na vipande vichache viko St Petersburg. Tangu mwaka 2009 zimekutanishwa katika intaneti.

Yafaa tuipime kazi hii kama tupimavyo kitabu. Sifa yake kubwa ni kwamba haifichi makosa. Waona maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa pambizoni, mkono wa mwandishi mmoja ukisahihishwa na mwingine. Injili ya Marko yaishia sura ya 16, aya ya 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini. Biblia ya Kiswahili ya 1952, aliyonayo mwanafunzi mezani, yaendelea hadi aya ya 20. Mwishoni atakuta Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma, ambavyo katika Biblia yake havimo. Basi atauliza, na swali lenyewe si dogo kwa kijana aliyelelewa kanisani: nani alikata shauri kipi kiwemo na kipi kitoke?

Walakini hapo ndipo chombo kimwachapo. Maelezo yake ni ya Kiingereza, Kijerumani, Kigiriki na Kirusi. Mwalimu aonyeshaye kurasa hizo ukutani pasipo kutia neno lake huwafanya wanafunzi kama mtu aliyepewa barua ya babu yake asiyoweza kuisoma.

Tena (labda si haki kukilaumu chombo kwa hili) kijana aweza kudhani kwamba Ukristo wa kale haukugusa pande zetu kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule Tischendorf alipozichukua Sinai zile karatasi 43. Mimi ningemwekea kando sarafu za mfalme Ezana wa Aksum, wa karne hiyo hiyo ya 4: za awali zina mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Picha zake nazo zapatikana katika intaneti, na kuutambua msalaba ule hakudai Kigiriki.