Mshumaa wa Faraday

Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution jijini London ilianza mwaka 1825, na iliyovuma kuliko yote ni ya Michael Faraday kuhusu mshumaa. Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara, aliitoa mihadhara hiyo sita mbele ya vijana wakati wa Krismasi ya 1860 hadi 1861. Mkemia William Crookes aliihariri ikatoka kama kitabu, na hivyo hatua za Faraday zinaweza kufuatwa moja baada ya nyingine.

Ustadi wake wa kuhadhiri ulianzia mbali. Mwaka 1813, akiwa na umri wa miaka 21, Faraday alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua ndefu kuhusu uhadhiri: mwanga wa ukumbi, hewa, mikono ya msemaji, na muda, ambao alisisitiza usizidi saa moja. Baadaye alijifunza ufasaha wa kusema kwa mwalimu.

Katika mihadhara ya mshumaa hakuanza na fasili ya kuungua. Aliuliza swali ambalo mtoto yeyote angeweza kuliuliza: nta iliyo chini hufikaje kwenye mwali ulio juu? Ili kulijibu, alisimamisha nguzo ya chumvi ndani ya maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu, na watazamaji wakaiona rangi ikipanda, kama nta inavyopanda kwenye utambi. Rangi hiyo haikuwa pambo. Bila hiyo, aliyekaa nyuma asingeona chochote, na jaribio lisiloonekana ni maneno matupu.

Kisha aligeukia mwali wenyewe. Karatasi iliyowekwa ikikata mwali katikati, ikaondolewa kabla ya kushika moto, hubaki na alama ya kuungua yenye umbo la pete. Katikati yake ni safi. Faraday aliwahimiza vijana wakalirudie jaribio hilo nyumbani. Lakini kwa nini katikati hapaungui? Jibu alikuwa ameshalionyesha: alichomeka ncha ya mrija wa kioo uliopindwa katika sehemu ya katikati ya mwali yenye giza, mvuke wa nta ukapita ndani yake, naye akauwasha kwenye ncha ya pili. Hapo ndipo nguvu ya mbinu yake inapoonekana wazi: kila jibu lilizaa swali, na swali hilo lilijibiwa kwa kifaa kilichokuwa tayari mezani.

Kwa utaratibu huohuo aliweka chombo chenye barafu na chumvi juu ya mwali, na chini yake pakatunga tone la maji. Kwamba moto huzaa maji si jambo la kuaminika kirahisi, kwa hiyo alilithibitisha kwa potasiamu, ambayo huwaka inapogusa maji. Mihadhara iliyofuata iliyatenganisha maji kwa betri kuwa haidrojeni na oksijeni.

Mhadhara wa sita ulimfikia msikilizaji mwenyewe. Hewa inayotoka kwenye mshumaa huyageuza maji ya chokaa yakawa meupe kama maziwa; Faraday alionyesha kuwa pumzi ya binadamu hufanya vivyo hivyo. Zote mbili zina kabonidayoksaidi, kwa sababu mwili nao huunganisha kaboni ya chakula na oksijeni, na joto lake hutokana na hapo. Kisha alieleza jinsi mimea inavyoichukua kaboni hiyo kutoka hewani ili ikue.