Elimu ya Kungoja Maji

Kazi nyingi za bahari husifiwa kwa ushujaa wake, na aliyepambana na tufani hakosi wa kumsimulia. Lakini ipo kazi moja ambayo, ikifanywa vyema, haimwachii msimulizi neno la kusema, nayo ni kukipatia kila chombo saa yake ya kupita pahali pembamba, ambapo wapitao ni wengi na maji ni haba.

Kule kwenye mfereji wa Panama kazi hii ni ya maafisa na tarakilishi. Tangu mwaka 1914 meli hupandishwa, mlango baada ya mlango, kiasi cha mita 26 hata ziwa la Gatún, kisha huteremshwa upande wa pili, na kila safari humwaga baharini takriban lita milioni 200 za maji matamu. Kwa hiyo mwaka 2023, ukame ulipolipunguza ziwa lile, zamu za siku zilishuka kutoka zipatazo 36 hadi chini ya 25, na baadhi yake zikanadiwa kwa mamilioni ya dola.

Lakini pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tangu mdomo wa mto Ruvuma na ghuba ya Tungi hata visiwa vya Quirimbas, haina mlango wa chuma hata mmoja, kwa kuwa bahari yenyewe hufunga na kufungua, usiku na mchana. Baina ya visiwa vya Ibo na Quirimba, maji yakipwa, watu huvuka kwa miguu katikati ya mikoko. Yakijaa, papo hapo mashua hupita kwa tanga. Nahodha wa Kimwani huutazama mwezi, akajua kwamba ukiandama au ukitimia, bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, nayo maji huweza kupanda kiasi cha mita nne. Tena ajua kwamba kila siku ipitayo kujaa huko huchelewa kama dakika 50, hata yakafika maji mafu, yajaayo kwa unyonge mnamo saa nne, asubuhi na usiku.

Hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza. Maji yakianza kuingia, hutangulia ngalawa na vidau, vitoshekavyo na maji ya magoti, na majahazi yaliyosheheni hungoja yazidi. Yakianza kutoka, daraja hugeuka, mwenye kuhitaji maji mengi huondoka kwanza, wala mdogo hana haki ya kunung'unika akiwa wa mwisho. Tena nahodha mwenye hadhari hangoji yafike ukomo ndipo alivuke fungu: hulivuka yangali yakijaa, ili pindi akikwama, maji yayo hayo yanayopanda yamnasue. Aliyekwama yakirudi hana budi kulala ubavu juu ya mchanga hata majo mengine. Na aliyekwama katika kilele cha bamvua huenda akangoja siku nyingi, kwa kuwa maji ya kesho na keshokutwa hayafiki tena pale alipo.

Na kina peke yake hakitoshi. Maji yanayotoka yakikabiliana na upepo mlangoni, mawimbi husimama, na mlango wenye maji tele ukawa haupitiki. Tena lipo jua: bamvua ya alfajiri huja gizani, na ile ya alasiri humkuta anayeingia kutoka baharini ameelekea magharibi, mng'ao ukimficha miamba, hivyo saa ile ile inayompa maji humpokonya macho, naye hulazimika kushika alama za nchi kavu alizozikariri tangu utotoni.

Bandari nazo huinuka na kuanguka kwa hesabu hii. Ibo, yenye ngome ya São João Baptista iliyojengwa mwaka 1791, ilikuwa makao ya utawala na biashara. Lakini meli zilipozidi ukubwa, maji yake mafupi hayakuwa na saa ya kuzipokea, na enzi ikahamia ghuba yenye kina ya Pemba, iliyoitwa zamani zile Porto Amélia. Na mwaka 2020, vita vya Cabo Delgado vilipowatoa watu makwao, maelfu walifika kwa vyombo vya tanga na mashua katika ufuo wa Paquitequete, mjini Pemba, na maji hayakubadili miadi yake kwa ajili ya hofu yao: waliowavusha walikuwa hawana ila elimu ile ile ya siku za amani.

Kwa hiyo mwenye kupanga mapito ya mlango mwembamba, awe karani wa Panama mbele ya kioo chake au nahodha wa Ibo aliyeshika usukani, anastahiki kuhesabiwa miongoni mwa wenye elimu na wenye insafu. Kwani anachokigawa si chake, wala hakiongezeki kwa amri yake, wala kwa mali ya mwenye kuomba.